Askari Aliyechelewa Kuondoka

Kuna maneno ambayo sisi waandishi wa habari tunayaandika kila wiki bila kuyatazama usoni. "Ridhaa" ni mojawapo. Ngumi za ridhaa, ngumi za kulipwa. Mpira wa ridhaa. Kila msomaji wa ukurasa wa michezo anajua maana yake: huyu anacheza bila mshahara, yule anacheza kwa mkataba. Lakini ukilitoa neno hilo uwanjani ukalirudisha kwenye Kiswahili cha kawaida, ridhaa ni kukubali kwa moyo. Mtu anatoa ridhaa, mtu anaombwa ridhaa, jambo linafanyika bila ridhaa yake. Nijuavyo mimi, lugha nyingi za Ulaya humwita mchezaji wa namna hii kwa neno lenye asili ya Kilatini linalomaanisha mwenye kupenda. Sisi tumemwita aliyekubali. Tofauti ni ndogo, lakini kwangu imekuwa kama kokoto kwenye kiatu tangu nilipoanza kuupitia mchezo mmoja wa sataranji uliochezwa New York, Marekani, Novemba 1857.

Waliocheza walikuwa vijana wawili, wote wa ridhaa. Mmoja alikuwa na shahada ya sheria na hana ofisi. Mwingine alikuwa mfanyabiashara wa tumbaku kutoka mji wa kando ya mto Mississippi. Mchezo ulikwisha kwa hatua 28 tu, na hadi leo, zaidi ya miaka 160 baadaye, wanaojifunza sataranji bado wanaonyeshwa hatua ya 17 kama mtu anavyoonyeshwa mlango wa Zanzibar: simama hapa, tazama, halafu ndiyo tuendelee. Mimi nimesimama hapo mara nyingi. Nilichokuja kukiona baadaye ni kete nyingine kabisa, askari mmoja mweupe ambaye hakuna anayemwonyesha mtu. Nitafika kwake.

Kwanza mashindano yenyewe. Yaliitwa Kongamano la Kwanza la Sataranji la Marekani, yakaanza tarehe 6 Oktoba 1857 na kumalizika mwezi uliofuata. Aliyeyasukuma mpaka yakasimama ni Daniel Willard Fiske, kijana wa miaka 25, mpenzi wa lugha na vitabu, ambaye mwaka huohuo alikuwa ameanzisha jarida la sataranji la kila mwezi. Fiske ni mtu ambaye wasomaji wa ukumbi huu wangempenda. Baadaye alikuwa mkutubi wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Cornell, akakusanya vitabu vya Kiaislandi kwa maelfu, akaandika kitabu kizima juu ya sataranji nchini Iceland. Wachezaji 16 waliitikia wito wake. Mpango ulikuwa wa mtoano: ukifungwa unakaa pembeni unatazama wenzako.

Sasa, jaribu kuipata picha ya mji wenyewe. Agosti mwaka ule kampuni kubwa ya fedha ya Ohio ilianguka. Septemba meli iliyobeba shehena ya dhahabu ya California ilizama na mamia ya watu. Katikati ya Oktoba, mashindano yakiwa yameshaanza, benki za New York zilisimamisha kulipa dhahabu kwa wenye hati zao. Watu walikuwa wakipanga mistari milangoni kuomba fedha zao wenyewe. Na juu ya Broadway, ndani ya ukumbi wa kukodi, wanaume 16 walikuwa wameinamia mbao za miraba 64, wakishindania zawadi ya kwanza ya dola 300. Kwa fundi wa kawaida wa siku zile, hizo zilikuwa fedha za kuishi kwa miezi mingi.

Paul Morphy alikuwa na miaka 20. Alizaliwa New Orleans tarehe 22 Juni 1837, baba yake akiwa jaji wa Mahakama Kuu ya Louisiana, mama yake akitoka katika ukoo wenye asili ya Kifaransa. Sataranji aliipata nyumbani kwa kutazama baba na amu yake wakicheza, na akiwa bado mtoto alikuwa ameshawazidi. Aprili 1857 alimaliza shahada ya sheria. Lakini sheria za jimbo lake hazikumruhusu kufanya kazi ya uwakili kabla ya kutimiza miaka 21. Kwa hiyo alikuwa na mwaka mmoja mkononi wa kusubiri. Mwaliko wa New York ulimkuta hapo. Baba yake alikuwa amefariki mwaka mmoja tu nyuma, na inaelekea kijana alihitaji kutoka kidogo ndani ya nyumba ya msiba.

Louis Paulsen alikuwa na miaka 24. Alizaliwa Ujerumani, katika eneo la Lippe, kwenye familia ambayo karibu kila mtu alicheza sataranji: kaka yake Wilfried alicheza, na dada yake Amalie alikuja kuwa miongoni mwa wanawake mashuhuri wa mchezo huo katika zama zake. Mwaka 1854 alihamia Marekani, akajiunga na ndugu yake katika biashara ya tumbaku mjini Dubuque, Iowa. Huko magharibi hakuwa na wa kumsumbua ubaoni, basi akajizoeza kucheza bila kuona: anakaa ameupa ubao mgongo, anatajiwa hatua za wapinzani kadhaa kwa pamoja, na yeye anajibu kwa kumbukumbu. Alifanya hivyo hata mbele ya watu wa kongamano, nao wakashika vichwa.

Wawili hawa waliwapita wote wakakutana fainali. Kabla ya kukaa mezani tayari watu walikuwa wamewagawa kwa jambo moja: muda. Morphy alicheza kama anayesoma barua aliyokwisha kuisoma. Paulsen alifikiri. Na wakati ule hapakuwa na saa ya sataranji. Hakuna kanuni iliyomlazimisha mtu kusogeza kete ndani ya muda fulani. Ukitaka kufikiri saa nzima, unafikiri saa nzima, na mwenzako anakutazama. Mchezo mmoja wa fainali ile ulikwenda saa 15. Yaani mtu angeweza kupanda basi Dar es Salaam alfajiri akafika Mwanza usiku, huku hawa wawili bado wanatazamana.

Usimcheke Paulsen mapema. Aliyewahi kukaa kwenye kijiwe cha drafti anajua kuna wachezaji wa aina hii, na anajua kelele wanazopigiwa: "Cheza bwana, chai inapoa!" Lakini mara nyingi huyo anayepigiwa kelele ndiye anayeona mbali. Paulsen alikuwa anatafuta kitu ambacho wenzake wengi hawakukitafuta. Sataranji ya enzi ile ilikuwa ya mashambulizi: unatoa kete sadaka, unamkimbilia mfalme, na mwenzako akikataa sadaka yako anaonekana hana ustaarabu. Paulsen alikuwa anajiuliza swali la kizamani na la kijinga kwa wengi: je, mtu akijilinda vizuri kabisa, shambulio linaweza kufaulu? Swali hilo halijibiwi kwa dakika mbili.

Tuje kwenye mchezo wa sita. Paulsen anaongoza kete nyeupe, Morphy nyeusi. Mwanzo ni wa adabu: askari wa mfalme kila upande wanasonga miraba miwili, farasi wote wanne wanatoka, wafalme wanaingizwa pembeni nyuma ya ngome zao. Hatua ya 6 Paulsen anakula askari wa katikati, Morphy anamwachia, na baada ya hatua tatu anaurudisha mkopo wake. Hadi hatua ya 11 hesabu iko sawa, na mtazamaji angeweza kwenda kununua karanga bila kukosa kitu.

Hatua ya 12 Paulsen anasogeza askari wa mbele ya askofu wake, upande wa malkia, mraba mmoja. Ni hatua ya mtu mwangalifu. Anataka kujenga katikati, na hatua inayofuata amsogeze askari wa malkia miraba miwili. Mpango mzuri, ila Morphy hakumpa hiyo hatua inayofuata. Alimchukua malkia wake mweusi akamweka mbele ya pua ya yule askari wa malkia, katika mraba aliotakiwa kuupita. Askari akakwama. Na kwa kuwa askari amekwama, askofu aliye nyuma yake hana pa kutokea. Na kwa kuwa askofu hatoki, ngome ya kona ile haiwezi kuja kusaidia. Kete moja tu nyeusi, imekaa mahali pamoja, imefunga nusu ya jeshi la Paulsen ndani ya kambi yake.

Hili ndilo linalonivuta katika mchezo huu kuliko hata ile sadaka. Kwa hatua tano zilizofuata Paulsen alijitahidi kutoka kwa kuzungukia pembeni. Alisukuma askari, akamtoa malkia wake upande wa mbali, akainua ngome. Kila hatua ukiitazama peke yake ina akili. Wakati huo Morphy alikuwa anazipanga ngome zake mbili, moja nyuma ya nyingine, kwenye njia ya wazi katikati ya ubao. Alipomaliza, tishio lilikuwa la wazi kwa anayejua kusoma: malkia mweusi angejitoa kwa kula ngome iliyo jirani na mfalme, mfalme angelazimika kumla, na ngome ingeshuka hadi mstari wa mwisho na mchezo umekwisha. Paulsen aliliona hilo. Hatua ya 17 alimhamisha malkia wake mahali ambapo analinda mraba ule na wakati huohuo anamtishia malkia mweusi. Lazima aondoke. Ikiwa anaondoka, askari aliyekwama atapumua.

Malkia aliondoka kweli, ila si kwa kukimbia. Alikwenda kumla askofu mweupe aliyekuwa akimlinda mfalme wa Paulsen, mraba ambao askari wa kawaida tu anaweza kumla. Katika sataranji malkia ni kete yenye nguvu kuliko zote. Kumtoa kwa askofu mmoja ni kama mtu kulipa nyumba apewe mlango. Paulsen alimla, hakuwa na namna. Na askari alipotoka mahali pake kumla malkia, alifungua njia mbele ya mfalme wake mwenyewe.

Kuanzia hapo ni Morphy peke yake anayeongea. Ngome inaruka pembeni na kumtishia mfalme. Mfalme anajificha kwenye kona. Askofu mweusi anakuja kuukaba mlango. Mfalme anatoka, anatishiwa, anarudi, anatishiwa tena, kama mtu anayejaribu milango ya nyumba moja baada ya nyingine na kuikuta yote imefungwa kwa nje. Wachambuzi wa baadaye waligundua kwamba hatua ya 22 Morphy alikuwa na njia fupi zaidi ya kumaliza. Napenda kwamba hakuiona. Inamrudisha kwenye kundi la binadamu. Hatua ya 25 Paulsen alilazimika kumrudisha malkia wake mwenyewe ili mfalme asife palepale. Sasa Morphy ana ngome mbili na askofu wamemzunguka mfalme, na jeshi la Paulsen bado limelala upande wa pili.

Hatua ya 28 Paulsen akamsogeza yule askari wa malkia. Hatimaye. Miraba miwili, vilevile alivyokusudia kwenye hatua ya 12. Askofu wa nyuma yake akafunguliwa njia. Ilikuwa hatua ya mwisho ya Paulsen. Morphy alisogeza askofu wake, Paulsen akatazama, akakubali kushindwa.

Fainali ilikwisha kwa Morphy kushinda michezo 5, kufungwa 1, na sare 2. Alikuwa bingwa wa Marekani. Na hapo ndipo linapokuja lile neno letu. Zile dola 300 Morphy hakuzichukua. Badala yake alipokea vyombo vya fedha: jagi, bilauri na sinia yake. Kijana wa heshima kutoka New Orleans anaweza kupokea zawadi ya kuweka kabatini. Hawezi kupokea ujira kwa kucheza. Mwaka uliofuata alikwenda Ulaya na akaendelea hivyohivyo. London alimshinda Löwenthal katika mchuano wa dau la pauni 100, kisha akamzawadia samani za thamani kubwa kuliko dau lenyewe. Paris, Septemba 1858, alicheza na watu 8 kwa pamoja bila kuona ubao hata mmoja, akashinda 6 na kutoa sare 2. Desemba alimshinda Adolf Anderssen, mwalimu wa hisabati kutoka Breslau aliyehesabiwa kuwa bora barani Ulaya. Hakuna aliyebaki.

Tunapenda hadithi za namna hii. Mtu mwenye kipaji anayekataa fedha anaonekana msafi. Lakini mimi ni mwandishi wa habari, na nimefundishwa kwamba mtu akikataa fedha, uliza anakula wapi. Jibu liko New Orleans. Mji ule, mwaka 1857, ulikuwa miongoni mwa masoko makubwa kabisa ya watumwa nchini Marekani. Pamba iliyolimwa na watumwa ilishuka kwa mto Mississippi, ikapakiwa bandarini, ikalisha viwanda vya kaskazini na vya Uingereza. Tabaka zima la waungwana, wenye mashamba, mahakimu wao na mawakili wao, liliishi juu ya uchumi huo. Uhuru wa kijana mmoja kucheza kwa ridhaa ulisimama juu ya mabega ya watu ambao hakuna aliyewahi kuwaomba ridhaa yao kwa jambo lolote.

Na sisi wa pwani hii hatuko mbali kama tunavyodhani. Viwanda vya Massachusetts vilivyosokota pamba ya kusini mwa Marekani ndivyo vilivyotoa kile kitambaa ambacho babu zetu walikiita merikani. Meli za Salem zilikishusha Zanzibar na kurudi na pembe za ndovu. Merikani ilibebwa kwenda bara na wapagazi, ikawa fedha ya kununulia chakula na kulipia njia. Konsuli wa kwanza wa Marekani alifika Zanzibar mwaka 1837, mwaka aliozaliwa Morphy, na soko la watumwa pale lilikuwa bado na miaka 36 mbele yake kabla ya kufungwa. Sitaki kumbebesha kijana wa miaka 20 dhambi za dunia nzima. Nasema tu kwamba neno zuri kama ridhaa linapotajwa, ni haki kuuliza ni nani ndani ya chumba analo, na ni nani hana.

Heshima ile ilikuja kumgharimu mwenyewe. Mei 1859, aliporudi New York, aliandaliwa hafla kubwa, akakabidhiwa ubao na kete za dhahabu na fedha. Katika hotuba yake alisisitiza kwamba sataranji ni burudani tu, isiingilie kazi nzito za maisha. Jambo la kuchekesha ni kwamba kipindi hichohicho alipokea malipo kuandika safu ya sataranji gazetini. Kuandika juu ya mchezo ilikuwa kazi, kuucheza haikuwa. Muda si mrefu akaacha kucheza hadharani. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilianza mwaka 1861, mji wake ukatekwa mwaka uliofuata. Alijaribu kufungua ofisi ya uwakili, haikusimama. Watu walimjua kama mchezaji wa sataranji, naye hakutaka kuwa huyo. Alitaka kuwa wakili, na hakuna aliyemjua kama wakili. Akakwama katikati. Miaka ya mwisho akili yake ilichafuka, akawa anawashuku hata jamaa zake. Alikufa nyumbani kwao tarehe 10 Julai 1884, akiwa na miaka 47.

Wanahistoria wengi wa sataranji wanaishia hapo, kwa huzuni, halafu wanarudi kutuonyesha hatua ya 17. Mimi naomba tumfuate yule aliyefungwa.

Paulsen alirudi Ujerumani mwanzoni mwa miaka ya 1860, na hakuacha kucheza. Alishinda mashindano ya Bristol mwaka 1861, akawa wa pili nyuma ya Anderssen London mwaka 1862, akashinda Leipzig mwaka 1877. Alikutana na Anderssen huyohuyo katika michuano kadhaa na hakupoteza hata mmoja. Aliendelea kulifuata lile swali lake la kujilinda, polepole, kama kawaida yake. Wilhelm Steinitz, anayesifiwa kuwa baba wa sataranji ya kisasa, alipoeleza kwamba shambulio lisilo na msingi lazima lishindwe, alikuwa anatembea njia ambayo Paulsen alikuwa ameshaanza kuifyeka. Leo hii ukifungua programu ya sataranji kwenye simu, kuna namna ya kuanza mchezo kwa kete nyeusi yenye jina la Paulsen, na mabingwa wanaitumia. Alikufa mwaka 1891. Sijaona popote kwamba aliwahi kukaa kitini kueleza kama sataranji ni kazi au burudani.

Hata ule uzito wake wa kufikiri uliacha alama. Saa 15 kwa mchezo mmoja ni kitu ambacho hakuna mratibu wa mashindano angependa kukirudia. Mwaka 1861, Anderssen alipocheza na Ignatz Kolisch mjini London, muda ulipimwa kwa vyombo vya mchanga, hatua 24 kwa saa mbili. Mwaka 1883, tena London, zikatumika saa za mitambo zilizounganishwa mbili kwa pamoja. Paulsen hakuwa mchezaji pekee aliyechosha watu, lakini fainali ya 1857 ni miongoni mwa mifano inayotajwa kila historia ya saa ya sataranji inapoandikwa.

Neno lenyewe nalo liliendelea kuhangaika. Shirikisho la kimataifa la sataranji lilipoanzishwa Paris mwaka 1924, mashindano yaliyolizaa yalikuwa ya wachezaji wa ridhaa. Bingwa wa ridhaa wa dunia wa mwaka 1928 alikuwa Mholanzi, Max Euwe, mwalimu wa hisabati. Mwaka 1935 mwalimu huyo alimshinda Alexander Alekhine na kuwa bingwa wa dunia wa wote, wa kulipwa na wasiolipwa. Hakuacha kujiita mwalimu. Lakini alikuwa na mshahara wa ualimu, na hakuwa na aibu nao. Hapo naona tofauti kubwa kati yake na Morphy kuliko tofauti yoyote ya ubaoni.

Kwa nini naandika haya katika ukumbi wa fasihi? Kwa sababu sisi tunaoandika na kusoma Kiswahili kwa hiari tunaishi ndani ya neno hilihili. Mashairi mengi, insha nyingi na mapitio mengi ya vitabu unayoyasoma mtandaoni hayakulipwa senti. Tunaambiwa, mara nyingi na watu wanaolipwa, kwamba ni kwa ajili ya mapenzi ya lugha. Na ni kweli, ni mapenzi. Ila naogopa pale tunapoanza kuona kutolipwa kuwa ndiyo ushahidi wa mapenzi, na mwandishi anayeuliza "malipo vipi?" tukamwona kama amechafua kitu. Huo ni ugonjwa wa Morphy bila mali ya kina Morphy. Yeye angalau alikuwa na nyumba ya kurudi kufia. Mwandishi wetu wa ridhaa ana kodi ya mwezi.

Kuna ridhaa ya kujionyesha kwamba huhitaji, na kuna ridhaa ya kuendelea kukitafuta kitu hata baada ya kufungwa mbele ya watu. Ya pili naiheshimu zaidi, na haipungui hata kidogo mtu akilipwa. Paulsen alipokea zawadi za mashindano pale alipozishinda, na bado hakuna aliyewahi kutilia shaka kwamba aliupenda mchezo.

Kama una ubao nyumbani, au hata kwenye simu, ipange ile fainali mpaka hatua ya 12, zamu ya nyeupe. Usikimbilie sadaka ya malkia, hiyo itakungoja. Mchukue yule askari wa malkia na umsogeze hatua moja tu, mraba mmoja, kabla malkia mweusi hajafika. Kisha endelea kucheza upande wa Paulsen uone jinsi kambi inavyofunguka, askofu anatoka, ngome zinasogeleana. Chukua muda wako. Hakuna saa.